Nilivyoipeleka Muhuru Uganda

Ukitaka kuwa msanidi wa programu za simu, simu yenyewe itakupa cheo. Fungua mipangilio, tafuta sehemu inayoeleza habari za simu, shuka hadi kwenye namba ya toleo, kisha iguse mara saba. Ukifika mguso wa tatu au wa nne simu inaanza kukuhesabia hatua zilizobaki, kama kondakta anayehesabu viti vilivyobaki gari liondoke, na wa saba ukitua inatangaza kwamba sasa wewe ni msanidi. Haikuulizi cheti, wala mtihani wa KCSE ulipata nini. Mimi nilitawazwa hivyo nikiwa nimekalia mtumbwi uliopinduliwa ufuoni Muhuru Bay, miguu ikinuka omena, na nikaamini.

Kwa asiyepajua, Muhuru iko Nyatike, Kaunti ya Migori, kwenye pembe ambapo Kenya inaishia majini. Tanzania iko karibu kiasi kwamba simu huvuka mpaka kabla ya mwenyewe. Umekaa kibarazani kwako unamenya muhogo, mara ujumbe unaingia: karibu Tanzania. Hapo bando lako la Kenya linakufa ganzi mpaka uinuke, uzunguke nyumba, uielekeze simu upande wa Migori na kusubiri irudi nyumbani. Usanidi niliusomea kwa video katika hali hiyo. Kuna mwalimu mmoja wa video aliyekuwa akieleza vizuri sana, akanyanyua kidole, akasema kuna kosa moja ambalo wanaoanza hulifanya na ambalo ni lazima tuliepuke, nalo ni... Simu ikaenda Tanzania. Iliporudi, bando lilikuwa limeisha. Kosa lenyewe sikulijua hadi nilipolifanya.

Kompyuta yangu ni ya mapajani, mtumba, ilivaliwa kwanza Uingereza ndipo ikaletwa kwetu kama suti. Ina kumbukumbu ya gigabaiti 4. Android Studio, karakana ambamo programu za Android hutengenezwa, huomba gigabaiti 8 kwa uchache. Nikasema tutaelewana. Siku ya kwanza niliiamuru ijenge programu isiyofanya lolote ila kuandika "Habari dunia" kwenye kioo. Nikaenda ziwani kuoga, nikarudi, nikanywa chai, nikampeleka mtoto wa jirani kinyozi, nikakuta mstari bado unatambaa. Feni ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga, na hewa ya moto inayotoka ubavuni ilikuwa imempendeza kuku mmoja, kajikunja hapo kafumba macho. Nilipomfukuza stima ikapotea. Betri ya mtumba ina roho ya kipepeo, kompyuta ikazimika papo hapo.

Lugha yenyewe inaitwa Kotlin. Google waliikubali rasmi kwa Android mwaka 2017, na jina lake ni la kisiwa kilicho karibu na mji wa St. Petersburg, Urusi. Kabla yake watu walitumia Java, na Java nayo ni kisiwa. Jambo hili liliniliwaza sana. Sisi visiwa tunavyo, nikawaza, na iko siku itatoka lugha iitwayo Migingo, ndogo, ya mawe matupu, na kila mtu akidai ni yake.

Ndani ya karakana ile kuna simu ya bandia ya kujaribia kazi yako, lakini kompyuta yangu ilipoombwa kuibeba ilizima kabisa, bila hata kuaga. Ikabidi nitumie simu ya kweli iliyounganishwa kwa waya, na ile miguso saba maana yake ndiyo hiyo: unaifungulia mlango kompyuta iingize programu. Nikaunganisha. Kimya. Nikabadilisha tundu, nikawasha upya, nikafuta nikaweka tena, siku mbili nzima, hadi kijana wa kibanda cha kuchaji simu alipouchukua waya ule, akautazama kama daktari wa mifugo anavyomtazama ng'ombe mzee, akasema, "Hii ni ya kuchaji tu, boss. Haipitishi data." Aliniuzia mwingine. Wa kwanza nao nilikuwa nimeununua kwake.

Hapa inabidi nieleze kwamba mimi nina waya wa aina mbili. Kwa Kijaluo shangazi, dada yake baba, huitwa waya. Waya wa kompyuta ulinitesa siku mbili. Yule Waya mwingine ndiye habari yenyewe.

Waya huanika omena. Kwa Watanzania ni dagaa, kwa Waganda ni mukene, na ziwa ni lile lile. Wavuvi hutoka usiku wa giza na taa, kwa sababu samaki hawa wadogo hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina maana na watu hulala makwao. Alfajiri mitumbwi ikirudi, akina mama hupimiwa kwa karai, na omena hutandazwa juu ya nyavu kuukuu hadi ufuo wote unang'aa kama bati jipya. Kuanzia hapo ni kamari kati ya mwanamke na wingu. Jua likiwaka siku moja nzuri, omena inakauka, inapimwa kwa gorogoro na kwenda kwa binadamu. Mvua ikiipata katikati, inabadilika rangi na harufu, bei inaanguka, na mnunuzi anakuwa mwenye kiwanda cha chakula cha kuku.

Basi nikaona pengo la soko, kama wanavyosema kwenye video. Nitatengeneza programu ya kuwaambia wanika omena kama mvua itanyesha. Kuna huduma za utabiri kwenye intaneti ambazo hutoa takwimu bure: unazipa namba mbili za mahali ulipo, latitudo na longitudo, nazo zinakujibu joto, upepo na mvua ya kila saa. Kazi yangu ilikuwa kuuliza na kuonyesha jibu. Wiki tatu, pamoja na za yule kuku, ikawa tayari.

Nikamtumia Waya kwa WhatsApp. Simu yake ikagoma kwanza, ikatoa onyo kwamba programu imetoka kwa mtu asiyejulikana na huenda ikaleta madhara. Akanitazama juu ya miwani.

"Nyathina, simu inasema wewe ni hatari."

"Inasema hivyo kwa kila mtu, Waya."

"Haijawahi kusema hivyo kwa M-Pesa."

Huo ndio mzani ambao kila mtengeneza programu nchini Kenya hupimwa nao, na ni mzani wa kuonea. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007 iliwekwa ndani ya laini ya simu, kama menyu fupi, ikafanya kazi kwenye simu za kabambe na mulika mwizi bila intaneti hata chembe. Bibi aliyeko kijijini hakuhitaji kupakua kitu wala kujaza anwani ya barua pepe. Waya akauliza maswali matatu kuhusu programu yangu. Inatuma pesa? Hapana. Inapokea pesa? Hapana. Inataka bando? Ndiyo. Akanyamaza kwa heshima, kama mtu aliyeonyeshwa mchumba wa mpwa wake akakuta hana la kusema.

Asubuhi ya kwanza jua lilikuwa la kupasua mawe. Nikatembea ufuoni nikitegemea sifa, nikamkuta Waya peke yake, kati ya wanawake wote wa ufuo, anakusanya omena mbichi na kuirudisha ndani mbio mbio. Nikamuuliza kulikoni. Akanionyesha kioo. Macho yake si ya zamani, kwa hiyo herufi za simu yake amezikuza hadi mwisho, na sentensi yangu "Mvua haitanyesha leo" haikutosha mahali pake. Ilikuwa imekatwa. Kilichobaki kiooni ni "Mvua" na nukta tatu. Mwingereza huweka kanusho lake mapema, na hata ukimkatiza unajua anakataa. Mswahili hukanusha ndani ya kitenzi, na kitenzi changu kilikuwa kimeangukia nje ya kioo.

Nikarekebisha. Nikaweka picha badala ya maneno: jua ama mwavuli. Siku tatu zilizofuata programu ilipatia kabisa, jua na jua, na jina langu likaanza kutajwa ufuoni pamoja na neno "kompyuta". Akina mama wawili wengine wakaomba wawekewe. Mwenyekiti wa BMU, kamati yetu ya ufuo, akaniambia nikikua nisiwasahau. Nina miaka thelathini na mmoja, lakini nilimwelewa.

Siku ya nne picha ilikuwa jua safi. Mnamo saa tano wingu lilitokea ziwani, jeusi, la haraka, lenye ule ubaridi unaofika kabla ya tone la kwanza. Wanawake wasio na programu yangu waliinua vichwa, wakaanza kukunja nyavu. Wateja wangu watatu waliinua simu. Nami nilikuwa pale, nikainua yangu. Jua. Tone likaanguka juu ya kioo, juu ya picha ya jua, likatelemka likiikuza ile picha kama miwani ya kusomea. Nikaifuta kwa shati nikaangalia tena. Jua. Mvua ilipomwagika kwa dhati nilikuwa nimesimama katikati ya ufuo, nimelowa hadi soksi, nikisoma kwamba uwezekano wa mvua ni asilimia sifuri, na mbele yangu makarai sita ya omena yanaelea.

Jioni nilizichukua zile namba mbili nilizoipa huduma ya utabiri, nikazibandika kwenye ramani. Pini ikaruka. Haikutua Muhuru. Ilipaa juu ya ziwa, ikapita Homa Bay, ikapita Kisumu, ikavuka ikweta, ikaendelea kaskazini na kutua jirani ya Mbale, Uganda, mji ulio chini ya Mlima Elgon.

Muhuru iko kiasi cha digrii moja kusini mwa ikweta. Ikweta yenyewe si mbali, ukienda Maseno utakuta alama yake kando ya barabara. Kwenye kompyuta kusini huandikwa kwa alama ya kutoa mbele ya namba. Kistari kimoja. Mimi sikukiweka, na Mbale ipo digrii moja kaskazini, karibu kwenye mstari ule ule wa longitudo, kana kwamba mtu alikunja ramani kwenye ikweta na miji hii miwili ikabusiana. Kwa siku tano nilikuwa nawatabiria akina mama wa Migori hali ya hewa ya mahali palipo zaidi ya kilomita 220 kutoka walipo. Na niseme ukweli, niliitabiri vizuri. Mbale siku hiyo huenda kulikuwa na jua zuri sana.

Nafikiri hilo ndilo kosa la yule mwalimu wa video. Nina hakika alikuwa anakuja kwenye kistari.

Ningekaa nalo kimya, lakini nilimweleza yule kijana wa waya, na Muhuru habari haihitaji intaneti. Kesho yake nikaitwa chini ya mti ambapo wazee hurekebisha nyavu. Jaduong' mmoja, mvuvi wa enzi za matanga, akaniuliza taratibu bila kuinua macho kwenye sindano yake.

"Tumesikia umeipeleka Muhuru Uganda."

"Ilikuwa ni kistari tu, Jaduong'."

"Migingo haikuwatosha?"

Lazima mtu awe wa huku ili aelewe uzito wa swali hilo. Migingo ni jabali la kama nusu ekari lililojaa mabati, ambalo Kenya na Uganda zimeligombania hadi mwaka 2009 ikawa habari ya ulimwengu, na wavuvi wa kwetu wamekuwa wakienda huko kusaka sangara miaka yote hiyo huku wakikatwa kodi na kusumbuliwa. Polisi wameenda, mawaziri wameenda, wapima mipaka wameenda. Hakuna aliyewahi kuhamisha hata jiwe. Mimi nikiwa na kompyuta ya mtumba nilikuwa nimehamisha tarafa nzima, pamoja na kanisa, soko na shule, kwa kusahau alama ndogo kuliko mfupa wa omena. Hadi leo nikipita, kuna wanaoniuliza kama tutahitaji pasipoti.

Omena iliyolowa niliinunua mimi. Kuku wa kwetu walinenepa mwezi ule.

Kistari nikakiweka. Pini ikarudi nyumbani, ikatua mahali pake. Hapo nikaamua kuongeza ubora: mteja asiambiwe tu kwamba kuna mvua, aambiwe na saa. Huduma ile ya utabiri, usipoielekeza vingine, huhesabu saa za Greenwich, nasi tuko saa tatu mbele. Jambo hilo nilikuwa nalijua, nikajumlisha tatu, nikajipongeza. Siku moja utabiri ulisema mvua itaanza 6:00 ya Greenwich. Ongeza tatu, unapata 9:00. Programu ikaandika kwa Kiswahili fasaha kwenye simu ya Waya, kwa herufi kubwa zilizotosha kioo: "Mvua itaanza saa 9."

Wewe msomaji umeshaona. Mimi sikuona. Waya alisoma saa tisa, akaangalia jua, akahesabu kwamba mpaka alasiri omena itakuwa imekauka zamani, akaitandaza yote. Mvua ilifika saa tatu asubuhi, kwa wakati barabara, haikuchelewa hata dakika. Programu yangu haijawahi kutabiri kwa usahihi kama siku ile.

Alinijia akiwa amejifunika gunia kichwani.

"Saa tisa ndiyo saa ngapi kwako?"

"Ni saa tatu, Waya."

"Na saa tatu?"

Nikajaribu kueleza Greenwich. Nilieleza kwamba saa kumi na mbili asubuhi yetu huko ni saa tisa ya usiku, ambayo wao huiandika tatu, ambayo kwetu ni... Hapo nilipotea mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, maji yakimdondoka puani, kisha akatoa hukumu ambayo sijasikia mhandisi yeyote akiisema vizuri zaidi: "Umeandika Kiswahili, lakini umehesabu Kizungu."

Kuku wakala tena.

Siku hizi programu inatoa sita mahali inapotakiwa, inasema asubuhi ama alasiri, na inajua ikweta ilipo. Kwa hiyo nikaamua kuipeleka kwenye duka kubwa la programu za Android, ili simu ziache kuniita hatari. Unalipa dola 25 mara moja tu katika maisha, nikalipa. Ndipo nikasoma sharti. Tangu mwishoni mwa 2023, mtu binafsi anayefungua akaunti mpya lazima kwanza apate watu wa kumjaribia programu yake. Mwanzoni walikuwa 20, baadaye wakapunguzwa wakawa 12. Wajiunge kwa barua pepe, na wasijitoe kwa siku 14 mfululizo.

Kumi na wawili walipatikana kwa nusu saa, maana Muhuru watu ni wakarimu. Kazi ilikuwa barua pepe. Karibu kila mtu ana simu ya kupangusa, lakini anwani alifunguliwa na aliyemuuzia simu, na mwenyewe hajawahi kuiona. Nilipozichungulia niligundua kuwa akina mama wanne wana anwani moja, ya kijana mmoja. Ndiyo, yule wa waya. Kwa mujibu wa duka lile, wanika omena wanne wa Muhuru Bay ni mwanamume mmoja mwenye kibanda cha kuchaji simu. Nikafungua anwani mpya moja baada ya nyingine, na nywila nikaziandika kwenye daftari la mauzo ya omena, ukurasa wa madeni.

Siku 14 nazo si mchezo. Ni muda wa kutoka mbalamwezi kamili hadi giza, na wavuvi wangu waliojiunga wakati wa mbalamwezi, wakiwa nyumbani hawana kazi, giza lilipoingia walirudi ziwani na simu zimefungwa ndani ya nailoni mbili. Wawili waliingia maji ya Tanzania na wakatoka na laini zimechanganyikiwa. Hata hivyo walivumilia, hakuna aliyejitoa. Siku ya kumi na mbili nilianza kuota nembo. Siku ya kumi na tatu idadi ikashuka hadi kumi na mmoja.

Alikuwa Waya. Simu yake ilijaa, kwaya ya kanisa ilikuwa imetuma video ya harusi, na kitu kilitakiwa kitoke, akaifuta programu na kujitoa. Nilimuuliza, bila hasira, kwa nini asitoe kitu kingine. Akaniambia mvua anaijua: humpigia simu dada yake aliyeolewa Shirati, ng'ambo ya mpaka, humuuliza kunaendaje, na dada hujibu kwa saa za Kiswahili.

Kwa hiyo natafuta mtu wa kumi na mbili. Awe na simu ya Android, anwani ya barua pepe anayoijua mwenyewe, na subira ya siku 14. Asiwe mwanika omena. Mlio Mbale pia mnakaribishwa. Ya kwenu bado ninayo, ni kufuta kistari tu.